Tulimlaumu mdogo wetu, kumbe hatukuhesabu wati

Leo ni zamu yetu sisi wa kundi la video. Tulikubaliana kwamba hapa tunaandika ukweli hata ukituaibisha. Basi huu wetu unatuaibisha.

Wengi mnaijua kompyuta yetu, ile ya gemu yenye kioo pembeni na taa za bluu. Tuliinunua Lilongwe ikiwa imetumika. Nusu ya pesa ilitoka kwa shirika moja, nusu ilikuwa michango yetu kutoka harusi na mazishi tuliyopiga video. Hatukuitaka kwa ajili ya gemu. Kompyuta ya namna hiyo inakuja imeshaundwa tayari, ina nguvu ya kuhariri video, na kati yetu hakuna aliyejua kuunda kompyuta kipande kwa kipande. Muuzaji alisema ile kadi ndogo ya grafiksi iliyokuja nayo ameitoa, akaweka RTX 2060. Tukafurahi sana. Tukauliza memori ni kiasi gani, tukauliza diski, tukalipa.

Wiki za kwanza hakukuwa na shida. Watu waliandika CV, wengine walisoma masomo ya mtandaoni. Halafu ikaanza kuzima. Haikupunguza kasi kwanza wala kuleta ujumbe wowote. Kioo kinakuwa cheusi ghafla, feni zinanyamaza, kama mtu amechomoa waya. Tukasema ni umeme wa kambi, maana kukatikiwa tumezoea. Lakini taa ya juu ilikuwa inawaka, na simu kwenye soketi ileile ilikuwa inaendelea kuchaji.

Tuna mdogo wetu mmoja, wakati ule alikuwa na miaka 17. Yeye ndiye alishika ufunguo wa chumba, anafagia, anafunga usiku. Kazi ikiisha alikuwa anacheza gemu ya mpira kidogo. Na kompyuta ilikuwa inazima mikononi mwake kuliko mikononi mwa mtu mwingine yeyote. Tukamwita, tukamuuliza ameingiza nini. Akasema, "Bayaya, sikufanya kitu. Inajizimaka yenyewe." Hatukumwamini. Tulisema ni virusi vya gemu, tulisema anaichosha. Tukamnyang'anya ufunguo mbele ya wote. Afisa wa shirika alipokuja kukagua, tulimwambia hivyohivyo, naye akaandika kwenye ripoti kwamba kifaa kimeharibiwa na matumizi mabaya ya vijana. Mdogo wetu akaacha kuja.

Tulifuta gemu, tukafikiri yamekwisha. Kisha tukapata kazi ya harusi kubwa. Familia ya bibi harusi ilikuwa na safari ya kuhamia Kanada siku ya Jumamosi, na walitaka video kabla ya kupanda basi. Jumatano usiku tulianza kutoa video nzima iwe faili moja. Ilipofika karibu robo, giza. Tukaanza upya, giza tena. Mara ya tatu tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Hapo mdogo wetu hakuwepo, na gemu haikuwepo.

Asubuhi tulibeba kompyuta mpaka kwa mzee mmoja Mrundi anayetengeneza redio sokoni. Akasema yeye si fundi wa kompyuta, lakini umeme ni umeme. Akafungua ubavu, akaonyesha kile kisanduku cha chuma ambamo waya wa ukutani unaingia, yaani pawa saplai, akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake. Halafu akauliza, "Batoto, hiki kinatoa wati 310. Hivi vingine vinakula wati ngapi? Nani alihesabu?"

Hakuna aliyehesabu. Tukatoa simu, tukaanza kutafuta pale pale.

Kadi ndogo ya mwanzo ilikuwa GTX 1650. Yenyewe ni wati 75, na inachukua umeme wake wote kutoka pale ilipochomekwa, bila waya wa ziada. Kampuni ya Nvidia inashauri pawa saplai ya wati 300 kwa kadi hiyo. Kwa hiyo waliounda kompyuta hawakukosea, kisanduku chao kiliitosha kompyuta waliyoiunda wao. Lakini RTX 2060 ni wati 160, na Nvidia inashauri wati 500. Prosesa yetu ni Core i5-10400. Imeandikwa wati 65, ila ikibanwa na kazi inaweza kupita 100 kwa muda. Ongeza diski, feni, memori na taa zile za bluu.

Mzee akaonyesha kitu kingine. Ile namba kubwa ya 310 ni jumla ya njia zote za umeme ndani ya kisanduku. Kadi na prosesa zinakula kwenye njia ya volti 12, na kwenye karatasi njia hiyo ilikuwa na ampea 22. Zidisha 12 kwa 22, unapata wati 264. Kadi 160 na prosesa 100 ni 260 tayari. Na kadi hairuki kwa adabu, kuna vipindi vifupi inavuta zaidi ya ile 160. Kisanduku kikizidiwa kinajizima ili kisiungue. Ndiyo sababu kuandika CV hakukuleta shida, lakini gemu na kutoa video kulileta. Mdogo wetu alikuwa mtu wa kwanza kuifanyisha kompyuta kazi kwa nguvu zake zote, basi.

Harufu nayo tuliiona ilikotoka. Pawa saplai ile haikuwa na plagi ya pini 8 ambayo kadi inaihitaji, kwa hiyo muuzaji aliunganisha plagi mbili za diski, zile za SATA, kwa waya wa kubadilisha. Plagi moja ya SATA imekusudiwa kupitisha wati 54 kwenye volti 12. Plagi ya pini 8 inaweza kudaiwa wati 150. Moja ya zile za SATA ilikuwa imeshageuka rangi ya kahawia. Chumba chetu kina makaratasi na mapazia kila mahali. Tulinyamaza kidogo.

Mzee aliing'oa kadi kubwa, akachomeka waya wa kioo kwenye ubao mama, maana prosesa ile ina grafiksi yake ndogo ndani. Tulirudi, tukatoa video bila kadi. Polepole mno, usiku mzima na asubuhi yake, lakini haikuzima hata mara moja. Ijumaa jioni familia ilipata harusi yao kwenye flashi.

Kununua pawa saplai mpya kulitufundisha mengine. Duka moja lilituonyesha ya wati 350, likasema ni "Bronze", kwa hiyo ina nguvu. Siyo. Alama ya 80 PLUS, iwe Bronze au Gold, inaeleza ni umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haisemi kisanduku kinatoa kiasi gani. Tulichukua ya wati 500, tukarudi nayo kambini, plagi yake kubwa ya pini 24 ikakataa kuingia. Kompyuta nyingi zinazouzwa zimeshaundwa zina ubao wenye plagi ya kampuni yenyewe, na yetu ilikuwa hivyo. Tukaomba ruhusa ya kutoka tena, tukaenda kutafuta waya wa kubadilisha uliotengenezwa kwa ubao huo. Kama tungepiga picha plagi kabla ya safari ya kwanza, tungeokoa nauli.

Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, tunawaomba mawili. Mkinunua au mkipokea kompyuta za msaada, someni ile karatasi ya pawa saplai, na muulize kama kuna kipande kimebadilishwa. Pia tazameni volti, maana zipo zinazotoka Amerika ya Kaskazini zikiwa zimewekwa 115, na hapa ukutani ni 230. La pili ni kwamba kifaa kikifa, msiandike "matumizi mabaya" kabla mtu hajakifungua. Ripoti yetu tuliomba isahihishwe, na barua tuliiandika sisi wenyewe, kwa sababu uongo ule ulitoka mdomoni mwetu.

Kwa mdogo wetu tulienda wote, tukakaa kwenye mkeka kwa mama yake. Tulimweleza hesabu yote kwa namba. Alisikiliza, akasema, "Niliwaambiaka." Mama yake akatupa chai. Ufunguo tuliuacha pale. Siku tatu baadaye alikuja, akafagia, akafunga chumba, akaondoka bila kuigusa kompyuta. Anaendelea hivyo mpaka leo. Gemu ya mpira tumeirudisha, ipo kwenye kioo, na hatumlazimishi.

Kama kundi lenu lina kompyuta inayojizima, tuandikieni hapa chini jina la kadi, jina la prosesa, na picha ya ile karatasi. Tutahesabu pamoja. Na kama kuna mtu mmeshamnyang'anya ufunguo, mngojeni kwanza, tuhesabu.