Seva inajikokota na prosesa haina kazi

Kitambo sijaandika, kazi zimenibana kweli. Leo nawaletea kisa cha seva, maana wengi huniuliza huwa naanzia wapi mfumo ukigeuka kobe ghafla.

Mfumo wenyewe ni wa zahanati tatu: Kangemi, Kawangware na Uthiru. Makarani hufungua kadi za wagonjwa kwenye kivinjari. Seva ni mbili, moja ya Apache na PHP, nyingine ya hifadhidata ya MySQL, na zote ziko ofisini kwa mteja hapa mjini, Moi Avenue. Jumatatu moja asubuhi simu ikalia: "Kaka, kadi hazifunguki na wagonjwa wamejaa hadi nje." Daktari anataka kujua mtoto alipewa dawa gani juzi, na kadi haiji.

Mshukiwa wa kwanza siku zote ni intaneti. Tabia hiyo tulibaki nayo tangu enzi za setilaiti, kabla nyaya za SEACOM na TEAMS hazijafika Mombasa mwaka 2009. Lakini nilipofungua ukurasa nikiwa nimekaa kando ya seva zenyewe, ulichelewa vilevile.

Nikaandika top kwenye seva zote mbili. Prosesa zimepumzika, kumbukumbu tele, diski hazina shida. Wengi hapa wangezima na kuwasha. Mimi sipendi, unafuta ushahidi. Seva iliyo polepole bila kufanya kazi inasubiri kitu. Inasubiri nini?

Saa ya simu ndiyo iliyonifungua macho. Kila ukurasa ulichelewa sekunde 10 na ushee. Ulizo zito la hifadhidata halina nidhamu hiyo, mara 3, mara 20. Sekunde 10 kila mara ni muda uliopangwa na mtu mahali fulani. Nikaingia MySQL, nikaandika SHOW PROCESSLIST: safu nzima ya "unauthenticated user", yaani wateja waliokwama mlangoni kabla ya kuuliza lolote!

Hapo nikajua. Mtu akibisha hodi, MySQL hutaka kwanza kujua jina la mashine yake, hivyo huuliza seva ya majina, DNS. Linux isipoelekezwa vingine hungoja jibu sekunde 5, na hujaribu mara 2. Nikafungua /etc/resolv.conf: anwani moja tu, ya kampuni inayotuuzia intaneti (sitaitaja). Nikaijaribu kwa dig. Kimya. Na kwa kuwa jibu halikupatikana, MySQL haikuwa na cha kukumbuka, ikauliza upya kila mara.

Dawa ni mstari mmoja kwenye my.cnf: skip-name-resolve, kisha washa upya MySQL peke yake. Angalizo: ruhusa ulizotoa kwa jina la mashine zitakataa, kwa hiyo zigeuze kwanza ziwe za namba za IP.

Kabla ya saa sita foleni ya Kangemi ilikuwa imeisha. Barua pepe ya kampuni, kwamba anwani ya DNS imebadilika, iliingia Jumatano.