Uyoga wa Ambleside

Asubuhi ile nilimgombeza mwanangu wa miaka 6. Nilimpa karatasi ya hesabu za kujumlisha, nikaenda kuinjika chakula. Niliporudi, kila sifuri ilikuwa imeota masikio na mkia, na jibu hata moja hakuna. Mama mwenzangu unayefundisha watoto nyumbani, unaijua hasira hiyo.

Mchana tulipanda basi hadi Ambleside, mji mdogo wa nyumba za mawe karibu na ziwa Windermere, Uingereza. Makumbusho ya Armitt huko yanahifadhi picha za uyoga alizochora Beatrix Potter. Bibi huyu, aliyezaliwa London mwaka 1866, hakupelekwa shule. Alifundishwa nyumbani, na alichora tangu utotoni. Mwaka 1893 alimwandikia barua yenye picha mtoto mgonjwa wa aliyekuwa mwalimu wake. Sungura wa barua hiyo ndiye Peter Rabbit, ambaye kitabu chake kilitolewa na mchapishaji mwaka 1902.

Katika mji huohuo Charlotte Mason alifungua chuo cha walimu wa nyumbani mwaka 1892. Alishauri kwamba somo la mtoto wa chini ya miaka 8 lisizidi dakika 20 hivi. Mimi nilimkalisha wangu saa nzima!

Mwanangu alikazia macho picha moja. "Mama, ni saba! Nne hapa, tatu kule."

Sikusema neno. Siku hizi tunafanya hesabu dakika 20, kisha nampa karatasi nyeupe. Sifuri bado zina mikia, ila na majibu yapo.