Gorogoro Isiyobonyea

Mimi ni mama wa omena, dagaa wa ziwani, nauza soko la Homa Bay, na ushuhuda wangu ni wa woga, kwa sababu nimeishi nao wa kila aina.

Kwetu Karachuonyo mtoto alifundishwa kuogopa kabla hajafundishwa kusali. Niliogopa chira, ule ugonjwa wa kukonda unaosemekana humpata aliyevunja mwiko. Niliogopa nyawawa, pepo wa ziwani. Usiku waliposikika wakipita, kijiji kizima kiligonga sufuria na mabati ili waende zao. Niliogopa midomo ya majirani. Na juu ya hayo yote alikuwako Mungu wa nyanya yangu. Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, Arthur Carscallen akiwa pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, na nyumba yetu ilishika Sabato kwelikweli: Ijumaa kabla jua halijazama, chakula kimeiva, kuni zimepasuliwa, viatu vimeng'arishwa. Mungu kwangu alikuwa mwiko mmoja zaidi, mkubwa kuliko mingine. Nilibatizwa hivyo, nikaimba kwaya hivyo, nikaolewa hivyo.

Niliolewa Karungu, upande wa Nyatike katika Migori. Mume wangu alikuwa mvuvi. Mwishoni mwa miaka ya tisini alianza kukonda, na ukoo ukasema ni chira. Tulipomzika, wazee hawakukawia kuja na neno lao: tero. Nirithiwe. Jater, yaani mwanamume wa kunirithi, alikuwa tayari, mtu mwenye mke na watoto wake. Nikikataa, nyumba yangu haitaezekwa, sitaingia boma la mtu, na msimu wa kupanda ukifika nitakuwa nimewazibia njia wote walio nyuma yangu. Tena chira itawarudia wanangu. Mama mkwe alilisema hilo la watoto akilia, na nadhani aliliamini kabisa.

Sikupata maono wala sauti. Nilipata lesoni ya Shule ya Sabato, na siku ile tulikuwa watu wachache tu chini ya mti. Mzee wa kanisa alitusomesha sura ya 19 ya Mambo ya Walawi, pale Mungu anapokataza mtu kumlaani kiziwi au kumwekea kipofu kitu cha kumkwaza, kisha papo hapo anawataka watu wamche Yeye. Mzee akauliza, kwa nini kumcha Mungu kutajwe hapo na si kwenye habari za madhabahu? Kiziwi hasikii ukimtukana. Kipofu hajui nani ameweka jiwe. Hakuna wa kukushtaki. Hapo ndipo inapojulikana kama unamwogopa Mungu au unawaogopa watu tu.

Nilirudi nyumbani nikijiuliza kipofu katika habari yangu ni nani. Nilidhani ni mimi. Usiku nikamwona: ni mke wa jater. Hakuna aliyemuuliza neno. Chochote ambacho mumewe angekitoa nyumbani kwangu, yeye angekipokea bila kujua. Nami sikuwa na hakika kilichomuua mume wangu ni nini.

Nilikataa. Magoti yalikuwa yakigongana mbele ya wale wazee, msidhani nilisimama kama Debora. Ila kwa mara ya kwanza nilimwogopa Mungu kuliko nilivyowaogopa wao, na woga ule haukufanana na wa chira. Chira ilikuwa ikinidai kila siku kitu kipya. Huu ulinitaka kitu kimoja, kisha ukanisimamisha.

Masika ilikuta paa linavuja na hakuna fundi aliyethubutu kuligusa. Akina mama wa Dorkasi, chama cha wanawake kanisani, walichanga mabati, wanaume wa kanisa wakaja na misumari, wakaezeka mchana kweupe, kijiji kinatazama.

Lakini chakula hakikutoka kwenye bati. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipowaka, kwa taa zinazoelea majini, na alfajiri mashua zikitia nanga akina mama wanangoja na beseni. Wanaojua ziwa wanajua jaboya. Mvuvi anampa samaki mwanamke anayelala naye, na ukija na pesa mkononi tu unaambiwa leo hazikutosha. Nilirudi na beseni tupu mara nyingi. Nikawa nanunua kwa wanawake waliokwisha kununua, kwa bei ya juu, na faida yangu ikabaki ya chumvi. Siwahukumu wenzangu waliokubali. Watoto wao pia walikuwa na njaa, na wengi wao nimewazika.

Mwaka 2001 habari zilitufikia kwamba Madaktari Wasio na Mipaka wameanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, bila malipo, katika hospitali ya wilaya ya Homa Bay. Nilikuwa nimeanza kukohoa. Nikapanda gari Karungu, nikapitia Ndhiwa na Rodi Kopany, na kila kituo nikitamani kushuka. Niliogopa kuonekana kwenye foleni. Hapo nataka niseme wazi, hasa kwa wachungaji: niliowajua waliokufa kwa kuogopa kuonekana ni wengi, na baadhi yao walikuwa viongozi kanisani. Walihubiri kumcha Mungu, lakini macho ya washiriki ndiyo waliyoyacha. Nilipimwa, nikakutwa na virusi. Nilipotoka nje sikumlilia mume wangu, nilimkumbuka mke wa jater. Yuko hai, hajaugua, na hadi leo hajui nilimfikiria.

Nilihamia Homa Bay niwe karibu na dawa, nikaanza sokoni. Sura ile ya 19 haikuniacha, maana mwishoni inageukia mizani na vipimo. Sokoni kwetu kipimo ni gorogoro, mkebe wa kilo mbili. Wapo wanaougonga kitako kwa nyundo ubonyee ndani, na mnunuzi haoni kwa sababu omena imefunika. Huyo naye ni kipofu. Mkebe wangu haujabonyea. Mvua ikinyeshea omena kabla haijakauka, naiuza kama chakula cha kuku, bei ya kutupa, siichanganyi na safi. Jumamosi sifungui, hata kama Ijumaa usiku ziwa lilikuwa na giza zuri. Kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena ukifungwa, nauza mandazi.

Mahubiri ya siku hizi yanapenda kusema ukimcha Mungu utapata gari. Mimi bado napanda bodaboda, na kwa mkopo wa chama. Nilichopata ni kingine. Maombi yangu yalibadilika. Zamani nilisali nikimaliza orodha, sasa nasahau kuangalia saa. Sufuria zikigongwa usiku, nageukia upande wa pili nalala. Na mama mkwe alipopooza, binti zake wakiwa mbali, nilimchukua. Tulikaa naye chumba kimoja hadi kifo chake. Nilimwosha, na nikiwa namwosha siku moja akaniuliza kama bado namkasirikia. Nikamwambia ndiyo, kidogo. Tukacheka wote wawili, na tangu siku hiyo hasira ikaanza kuisha, si kabla.

Shemeji yangu aliyewaongoza wazee wale kuja kwangu sasa ana hoteli ndogo, na omena yake ananunua kwangu. Kila akija huuchukua mkebe kwanza, huupindua, hukipapasa kitako kwa kidole gumba, halafu ndipo hutoa pesa. Namwacha aupindue.