Bukari, Sombe na Mafuta Yasiyokaa Mwilini

Kutoka Chililabombwe, Zambia, hadi mpaka wa Kasumbalesa malori yalijipanga upande mmoja wa barabara, yamebeba salfa, chokaa na unga wa mahindi: vinavyoliwa na migodi pamoja na vinavyoliwa na watu. Madereva walikuwa wamewasha majiko ya mkaa chini ya matela, wengine wameanika mashati kwenye vioo. Basi la abiria hupita kando ya foleni hiyo, hivyo sisi tulichelewa kwenye mihuri tu: pasipoti, kadi ya manjano ya chanjo, kisha pasipoti tena kwa mtu mwingine. Baada ya siku za Kinyanja na Kibemba nisivyovijua, nilisikia mama mmoja akibishania bei ya ndizi kwa Kiswahili, nikajua nimeingia Kongo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Swali nililokwenda nalo, kwa nini mtu hula na chakula kisikae mwilini, nilikuwa nimelipata Lusaka. Kule kuna mtaa wa maskini uitwao Misisi, ambako daktari Paul Kelly na wenzake walianza, mwishoni mwa miaka ya 1990, kuchunguza matumbo ya watu wazima waliojihisi wazima. Waliwapitishia kamera mdomoni, wakachukua vipande vidogo kutoka utumbo mwembamba na kuvitazama kwa hadubini. Karibu kila mmoja alikuwa na kasoro. Vijidole vidogo vinavyoufunika utumbo kwa ndani, ambavyo kazi yake ni kunyonya chakula, vilikuwa vimefupika na kuvimba. Watu hao hawakuwa wamelazwa popote. Walikuwa wanakwenda kazini.

Mtu anaweza kudhani ndivyo walivyoumbwa. Lakini vijana wa Kimarekani wa Peace Corps waliopelekwa Pakistan ya Mashariki, Bangladesh ya leo, miaka ya 1960, walipata kasoro hiyohiyo, na waliporudi kwao matumbo yakapona taratibu. Kumbe ni mahali.

Lubumbashi iko kilomita 90 hivi kutoka mpakani, na Kasungami iko katika komini ya Annexe, ile inayouzunguka mji mzima. Nilipelekwa huko na mama mmoja wa mareko, wahudumu wa afya wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba. Lami ilituacha mapema. Baada yake ni vumbi jekundu na nyumba za matofali ya kuchoma, mengi yakifyatuliwa kwa udongo wa vichuguu. Vichuguu vya Katanga hupita urefu wa nyumba, na watu huvimega mpaka vinaisha.

Katika ua tulioingia, mwenye nyumba alinipa kigoda, yeye akaketi kwenye bido, yaani dumu la maji. Kijana wake wa mwisho, wa miaka miwili hivi, alikuwa anakula bukari, yaani ugali, kwa sombe ya majani ya muhogo, na sombe yenyewe inang'aa mafuta ya mawese. Alikula bila kubembelezwa. Reko akamzungushia utepe katikati ya mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Ukasimama kwenye rangi ya njano, yaani kati ya milimita 115 na 125. Nyekundu huanzia chini ya hapo.

"Anakulaka, yaya. Anakulaka sana," mama yake aliniambia, kama mtu aliyekwisha kulaumiwa na wengi.

Kisha akanionyesha poti. Hakuona haya, nami nilishukuru, maana jibu lilikuwa humo. Choo kilikuwa kingi, cheupe-cheupe, chenye harufu kali, kikielea juu ya maji na kuacha utando wa mafuta. Hali hiyo, alisema, huja na kuondoka tangu mvua zilipoanza. Mawese aliyoyanunua kwa pesa yake yalikuwa yanapita na kutoka upande wa pili.

Ili mafuta yanyonywe, nyongo kutoka kwenye ini huyavunja yawe matone madogo mno, vimeng'enya vya kongosho huyakata, kisha vijidole vya utumbo huyapokea. Vitamini A, D, E na K za kwenye chakula hazina njia nyingine ya kuingia. Hupanda ndani ya mafuta. Mafuta yakishindikana, nazo zimepotea. Mawese yamejaa rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini mtoto mwenye utumbo uliovimba anaweza kuyala kila siku na bado jioni akajikwaa kwenye kigoda ambacho wenzake wanakiona.

Anayeuharibu utumbo mara nyingi ni mdudu asiyeonekana kwa macho aitwaye Giardia, anayejibandika sehemu ya juu ya utumbo mwembamba na kukaa kwa wiki nyingi. Askaris, yule mnyoo mrefu wa duara anayefika hata sentimita 30, naye hula humohumo. Hata pasipo wadudu hawa, vijidudu vya kinyesi vinavyomezwa kidogo kidogo kila siku vinatosha kuuweka utumbo katika uvimbe usioisha.

Kisima cha ua ule kilikuwa cha kuchimba kwa mkono, kamba yake imekatwa kwenye mpira wa tairi. Kutoka hapo hadi choo cha shimo ni hatua chache. Niliwatazama wote wawili, reko na mama. Walikuwa wanajua kabla yangu.

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba tiba ni klorini na sabuni. Lakini Bungoma, Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, jambo hilo lilijaribiwa kwa maelfu ya familia: klorini, vyoo bora, vituo vya kunawia mikono. Matokeo yalipotoka mwaka 2018, watoto wa familia hizo hawakuwa wamerefuka kuliko wengine. Waliopewa lishe ya ziada ndio waliorefuka, tena kidogo tu. Wapo waliosema basi maji si kitu. Mimi naona kinyume: uchafu ulipungua kwa kiasi kisichotosha. Chupa ya klorini haitoshi pale ambapo udongo wenyewe anaotambaa mtoto una kinyesi cha kuku na cha watu. Panahitajika bomba.

Bomba ni la serikali. La mzazi ni hili. Usinunue sirapu ya kuongeza hamu kwa mtoto ambaye tayari anakula. Ile pesa itapita kama mawese. Mtoto akiharisha kwa siku 14 au zaidi, au choo chake kikiwa cheupe, cha mafuta na cha kuelea huku uzito hauongezeki, mpeleke kituo cha afya na uombe choo kipimwe. Giardia ina dawa, na dawa hiyo ni ya siku chache. Ukiambiwa hakuna kilichoonekana, peleka choo cha siku nyingine, kwa sababu mdudu huyu hatoki kila siku.