Binti, Kompyuta na Mkopo

Huku kwetu Nyakatuntu, mazungumzo ya chuo kikuu yalianza na mkopo kabla ya masomo. Bodi ya Mikopo ilikuwa ikitoza asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Sisi tuliiona ni riba, jina liwe lolote. Mei Mosi ya mwaka 2021 Rais Samia alitangaza kuifuta, na alhamdulillahi, kizuizi hicho kikaondoka.

Likabaki la kozi. Binti yetu amefaulu Hisabati, ambayo ndiyo mlango wenyewe. Dodoma wanafundisha Sayansi ya Kompyuta kwa miaka 3 na Uhandisi wa Programu kwa miaka 4. Ya kwanza hukaa zaidi na hesabu na nadharia. Ya pili, na ujenzi wa mifumo. (Babu yake alidhani zote ni kutengeneza kompyuta mbovu.) Kwa wanaoishi kwa kahawa na ndizi, mwaka mmoja wa ziada si jambo dogo. Hata hivyo tulimwachia achague mwenyewe, akachagua ya miaka 4. Mauzo ya kahawa ya msimu huu ni ya nauli na godoro. Wadogo zake watasubiri.