Mizani ya Pumzi

Neno mizani lina kazi mbili katika Kiswahili. Sokoni ni chombo cha kupimia uzito. Katika ushairi ni idadi ya silabi ambazo mshororo unapaswa kuwa nazo, na mtunzi anayeipunguza au kuizidisha hana budi kuulizwa. Maana hizi mbili si mbali kama zinavyodhaniwa. Zote zinasema kwamba yako mambo yasiyofaa kuachiwa sikio la mtu mmoja, hata likiwa sikio la bingwa. Sharti pawe na kitu cha tatu, kati ya muuzaji na mnunuzi, kati ya mtunzi na msikilizaji, ambacho kila mmoja aweza kukitazama na kukihesabu mwenyewe.

Mjini Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, kitu hicho cha tatu chaweza kuwa mpira mwembamba unaopitisha nuru, wenye urefu wa mita mbili au zaidi, uliopindwa mfano wa herufi U, ukafungwa kwa waya kwenye ubao na kutiwa maji hadi nusu. Tone la wino huongezwa ili maji yaonekane, na kando ya mpira hubandikwa rula ya mwanafunzi. Vitabuni chombo hiki huitwa manomita. Mwashi akikiona atasema ni mpira wake wa kusawazishia msingi, wala hatakuwa amekosea. Maji yaliyomo katika mpira mmoja husimama kimo kimoja pande zote mbili, madhali hewa inayoyakandamiza ni sawa. Ikizidi upande mmoja, maji huinuka upande wa pili, na tofauti ya vimo hivyo ndiyo kipimo.

Kinachopimwa ni pumzi ya pikipiki. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Juu yake petroli huwaka. Chini yake lipo kasha la kranki lenye oili, ambalo ndilo tumbo la injini. Ringi za pistoni zimewekwa ili moto wa juu usipenye chini, lakini hakuna ringi inayoziba kabisa. Hata katika injini nzima gesi kidogo hupenya kila mlipuko, nayo hutolewa kwa mpira wa kupumulia unaoelekea kwenye kasha la kichujio cha hewa, ikarudi kuchomwa. Ringi zikisagika au silinda ikikwaruzika, gesi inayopenya huongezeka na tumbo hujaa upepo. Oili husukumwa kwenye sili na gasketi hata injini ikatoka jasho, na nyingine huchomwa, moshi wa buluu ukaonekana nyuma.

Hata hivyo, tumbo laweza kujaa upepo kwa sababu isiyohusu ringi hata kidogo: mpira wa kupumulia umeziba. Pengine umekunjika, pengine umejaa tope, pengine umezibwa na povu jeupe mfano wa maziwa, ambalo hutokana na mvuke wa maji uliochanganyika na oili katika injini isiyopata moto wa kutosha. Safari fupi ndizo huleta hali hiyo, na mji mdogo wa kisiwani hauna uhaba wa safari fupi. Basi maradhi ni mawili, na dalili ni moja: oili inavuja. Dawa ya moja ni kuifungua injini na kununua vipuri. Dawa ya pili ni kipande cha waya na petroli ya kusafishia.

Tofauti hiyo ina watu ndani yake. Aghalabu kijana wa bodaboda haendeshi chombo chake. Ameshika mkataba: hupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila siku au kila juma, na muda waliopatana ukitimia chombo huwa mali yake. Siku ambayo injini imelala kwa fundi, hesabu hailali. Kipuri kisichopatikana kisiwani hungojewa kutoka Mwanza kwa meli, au huzunguka kwa barabara ya Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Na neno likishatamkwa kwamba injini imekufa, mwenye chombo huuliza ni nani aliyeiua. Kijana huambiwa hakubadili oili, au alikuwa akipakia abiria mishikaki. Fundi naye hushukiwa kwamba anatafuta kuuza ringi. Watu hao watatu hawana ushahidi ila mngurumo na moshi, na kila mmoja husikia kile anachokiogopa.

Sikio la fundi lisidharauliwe. Mtu aliyekaa na injini miaka ishirini hutambua kwa mlio mambo ambayo mwenye chombo hawezi hata kuyataja. Tatizo la sikio ni kwamba haliazimwi. Fundi hawezi kumpa kijana sikio lake kwa dakika tano ili naye asikie. Maji katika mpira huonwa na wote wanaoyatazama.

Matumizi yake yanataka subira. Injini ikiisha kupata moto, kijiti cha kupimia oili huondolewa, na tundu lake huzibwa kwa kizibo cha mpira ambamo mpira wa manomita umepita. Upande wa pili huachwa wazi. Ubao husimamishwa wima, na mpira hupandishwa juu kabla ya kushuka kwenye injini, isije injini ikavuta na kunywa maji. Mara ya kwanza mtu hukata tamaa, kwa kuwa maji huruka juu na chini hata hayasomeki. Injini ya silinda moja haina pistoni nyingine ya kuifidia: pistoni ikishuka huikandamiza hewa ya tumboni, ikipanda huivuta. Kwa mizunguko 1,400 kwa dakika, jambo hilo hutukia zaidi ya mara 23 kila sekunde. Dawa yake ni kipande cha bomba la kalamu kilichozibwa kwa nta na kutobolewa kwa sindano, kikapachikwa katikati ya mpira. Kwa tundu hilo dogo mapigo hulegea, na maji hutulia karibu na wastani.

Kiasi kinachotafutwa ni kidogo mno. Dereva hujaza gurudumu upepo wa paundi 30. Zikigeuzwa kuwa maji, hizo ni nguzo ya mita 21. Tofauti ya sentimita 10 katika manomita ni sehemu ya saba tu ya paundi moja, na geji ya magurudumu haitatikisika kwa kiasi hicho. Hapo mpira wa bei ndogo huishinda geji ya dukani. Wala kimo cha kisiwa hakiuharibu ushahidi. Katika miaka ya 1640 Torricelli wa Italia alionyesha kwamba hewa ina uzito, na uzito huo usawa wa bahari huweza kuinua nguzo ya maji ya mita 10 hivi. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa huinua takriban mita 9 tu. Manomita haijali. Hupima tofauti ya hewa ya ndani na ya nje, hivyo sentimita 5 za Nansio ni sentimita 5 za Mombasa.

Kisha huja hukumu. Maji yamepanda. Mpira wa kupumulia hung'olewa kwenye kasha la kichujio, na njia yake husafishwa hadi kwenye injini. Maji yakishuka hapo hapo, shauri limekwisha. Yakibaki juu ilhali njia i wazi, ringi au silinda ina la kujibu. Fundi makini hafungui bado. Hupima mgandamizo wa silinda, akadondosha oili kidogo kupitia tundu la plagi, akapima tena. Mgandamizo ukipanda, ni kwamba oili imeziba penye ringi, na sasa mashahidi ni wawili. Na kama moshi unatoka lakini maji hayakupanda, huenda kosa liko kwenye sili za valvu, ambazo hubadilishwa bila kununua pistoni wala ringi.

Hapana tarakimu moja iliyo halali kwa injini zote. Ziko zinazoonyesha msukumo mdogo zikiwa na afya, ziko ambazo valvu yao ya kupumulia huzifanya zionyeshe mvuto. Kwa hiyo chombo hiki hakikamiliki bila daftari. Injini hupimwa ikiwa nzima, tarakimu ikaandikwa pamoja na tarehe, ili siku ya maradhi iwepo ya kulinganisha. Kimo cha ziwa lenyewe kimeandikwa tangu 1896. Ndiyo maana maji yalipovamia nyumba na magati mwaka 2020, iliwezekana kusema kwamba yamefikia kimo cha mwaka 1964. Bila maandishi hayo pangebaki kumbukumbu za wazee na ubishi wa vijana.

Ukerewe haihitaji kufundishwa thamani ya kuandika. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981. Alitaka mila na maarifa ya watu wake yasizikwe pamoja na waliokuwa nayo. Daftari la fundi lenye madoa ya oili haliwi riwaya, lakini lina nia ileile: fundi akiondoka, aliyekuwa akijifunza kwake hataachiwa mlio alioukumbuka mtu mwingine.

Isidhaniwe kwamba kipimo humpendelea mnyonge. Siku nyingine maji hubaki juu baada ya kila kitu kusafishwa, ringi zimekwisha kweli, na kijana hana njia ila kukopa, kuomba muda wa hesabu, na kungoja meli. Hasara ni ileile. Lakini amesimama mbele ya ubao pamoja na fundi na mwenye chombo, wakasoma rula moja, na hakuna aliyemwambia mwenzake anadanganya. Kesho watahitajiana tena, kwani kisiwa ni kidogo.