Ziwa Katika Sahani

Akina mama wenzetu, watoto wa Kamanga huvuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko, lakini wengi hudhani ziwa linaishia pale macho yanapofika. Sisi huwafundisha wakati wa chakula. Wakishanawa mikono, wanafinyanga ugali uwe kama bakuli na kutia mchuzi wa sato: hilo ndilo Ziwa Victoria. Harage moja kusini ni Mwanza. Jingine kaskazini mashariki ni Kisumu. La kaskazini ni Jinja. Hapo Jinja wanakata mfereji, na mchuzi unatoka: ndio Mto Nile, uendao hadi Misri. Kisha wanakula ramani yao, wakijua kwamba maji tunayoyachafua sisi, wenzetu wa mbali huyanywa. Mungu ametukabidhi ziwa hili. Tuwalee watoto walitunze.